Gari Lililolala Nalo Huchakaa

Mzee mmoja mstaafu wa kazi za bandari alifika ofisini petu majuma mawili yaliyopita, akiwa na barua mkononi na hasira aliyojitahidi kuificha. Mwanawe ni muuguzi mjini Munich, Ujerumani, na kwa miaka mitatu amekuwa akimlipia mdogo wake karo ya chuo bila kukosa muhula hata mmoja. Safari hii fedha za mwezi Aprili hazikufika. Ilifika barua badala yake. Gari lake la spoti, lililokuwa limelazwa bandani tangu Novemba kwa sababu ya majira ya baridi, lilikataa kuwaka. Kabureta zake zikafurika petroli. Na gereji ikazimeza fedha zote alizokuwa ameziweka.

"Gari halikwenda popote kwa miezi mitano," alisema mzee. "Halikupanda mlima wala halikuingia shimoni. Limeharibikaje? Ninyi mnaoandika mambo haya niambieni kweli: kijana ananidanganya?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Ndani yake mna imani ya baba kwa mwanawe, na mna masomo ya binti. Kwa ridhaa ya mzee mwenyewe tumeona tulijibu katika safu hii, kwani jibu lake litawafaa hata wale ambao hawatamiliki gari la spoti maisha yao yote.

Kwanza tueleze kwa nini gari hulazwa. Huko Ujerumani, theluji na barafu zinapoanguka, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huokoa maisha ya watu, lakini hula bati la gari kama mchwa ulavyo mti. Kwa sababu hiyo wenye magari ya zamani huyaficha bandani mpaka baridi ipite. Sheria nayo inawasaidia. Tangu mwaka 1997 iko namba ya usajili ya msimu, iliyoandikwa pembeni miezi ambayo gari linaruhusiwa kutembea. Namba ikionyesha 04 na 10, basi gari litatembea kuanzia Aprili hadi Oktoba, na mwenyewe atalipa kodi na bima ya miezi hiyo tu. Katika miezi mingine haliruhusiwi kuendeshwa barabarani wala kuegeshwa kando ya barabara ya umma.

Gari la kijana wetu ni MG B, gari dogo la Kiingereza lililotengenezwa kati ya mwaka 1962 na 1980, na ambalo zaidi ya 500,000 ziliuzwa duniani. Si gari la tajiri. Ni gari ambalo mfanyakazi mwenye subira anaweza kulinunua kwa akiba yake. Lakini lina tangi la chuma, pampu ya petroli ya umeme na kabureta mbili, na hapo ndipo mkasa wetu unapoanzia.

Watu wengi hudhani petroli ni kama maji ya mtungini, kwamba ukiyaacha leo utayakuta kesho vilevile. Sivyo. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi na vingine vizito. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyosaidia injini kuwaka asubuhi, ndivyo vinavyotangulia kuruka na kupotea hewani. Vinavyobaki hukutana na oksijeni na kugeuka polepole kuwa kitu kama ulimbo. Ndani ya kabureta mna kibakuli kidogo chenye tundu la kupitisha hewa, na petroli iliyomo humo ni kidogo mno, hivyo huharibika mapema kuliko ile ya tangini. Wauzaji wa mafuta wana kanuni yao ya kukadiria: petroli iliyofungwa barabara na kuwekwa kivulini hudumu kama mwaka mmoja; chombo kikishafunguliwa, hudumu miezi sita katika joto la nyuzi 20, na miezi mitatu tu katika joto la nyuzi 30; na ile iliyomo ndani ya mashine, kama vile kwenye kabureta, yapata mwezi mmoja. Ikumbuke hesabu hiyo, msomaji, kwani tutairudia.

Jambo la pili ni ethanoli, yaani kileo kinachotokana na mimea, ambacho siku hizi huchanganywa katika petroli ya nchi nyingi. Nchini Ujerumani petroli iitwayo E10, yenye ethanoli ya hadi asilimia 10, imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 2011. Ethanoli hupenda maji. Huyavuta kutoka katika hewa yenye unyevu na kuyaficha ndani yake, lakini uwezo wake una mpaka. Katika joto la nyuzi 15, petroli ya namna hiyo huweza kubeba maji kiasi cha nusu ya asilimia moja, ambayo ni kama robo lita katika tangi la lita 50; na kadiri baridi inavyozidi, ndivyo uwezo huo unavyopungua. Maji yakipita kiasi, hujitenga pamoja na ethanoli na kuzama chini ya tangi, mahali pale pale pampu inapovutia. Isitoshe, ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Sasa yafaa tueleze yaliyompasa kijana kuyafanya mwishoni mwa Oktoba. Kazi yote ni ya alasiri moja.

Kwanza, alipaswa kununua dawa ya kuhifadhi petroli, kuipima kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na kuimimina tangini kabla ya kujaza petroli, ili ichanganyike vyema. Kisha alijaze tangi karibu na kinywa chake, kwa petroli mpya yenye ethanoli chache. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa yenye unyevu, na chuma chake hakipati kutu. Kumbuka pia kwamba dawa hii huhifadhi petroli nzuri. Haifufui petroli iliyokwisha kufa.

Pili, aliendeshe gari kwa muda usiopungua dakika 15. Mtu akitia dawa tangini na kuzima gari pale pale, mabomba na kabureta hubaki na petroli ya zamani isiyo na dawa, na kazi yake yote huwa bure.

Tatu, kwa gari lenye kabureta, azime injini, achomoe waya wa pampu ya petroli huku swichi ikiwa imefungwa, kisha awashe tena na kuiacha injini imalize petroli iliyomo katika vibakuli mpaka izimike yenyewe. Hivyo hakuna kitakachobaki humo kugeuka ulimbo. Magari ya kisasa, ambayo petroli yake hurushwa ndani ya injini kwa mgandamizo, hayahitaji hatua hii. Hayo yaachwe na petroli yenye dawa.

Nne, aibonyeze mipira yote ya petroli kwa vidole. Uliokakamaa, uliopasuka au ulio laini kama ndizi mbivu uondolewe, na uwekwe mwingine unaostahimili ethanoli. Mwisho afungue waya wa betri, na ahakikishe kwamba banda linapitisha hewa na halina jiko wala kipasha joto chenye mwali. Baridi isimdanganye mtu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama nyoka hadi uufikie moto.

Wako wanaodhani kwamba kuwasha gari dakika tano kila Jumapili ni kulitunza. Hilo ni kosa. Injini ikichomwa kwa muda mfupi hutoa maji ambayo hayapati joto la kutosha kukauka, nayo hubaki katika oili na ndani ya bomba la moshi. Aidha uliendeshe gari mpaka lipate moto sawasawa, au uliache lilale.

Kijana wetu hakufanya hata moja kati ya haya. Aliegesha gari, akafunga mlango, akaenda zamu yake hospitalini. Kwa miezi mitano petroli ilikauka katika vibakuli vya kabureta na kuacha utando wa ulimbo. Ndani ya kila kibakuli mna sindano ndogo inayoinuliwa na boya ili kuziba njia petroli inapotosha. Ulimbo uliigandisha sindano hiyo ikiwa wazi. Aprili ilipofika akafungua swichi, pampu ikasukuma, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuizuia, petroli ikafurika na kumwagika. Katika gari la MG B, kabureta na bomba la kutolea moshi viko upande mmoja wa injini. Lau injini ingewaka na bomba lile likapata moto, mzee angeletewa barua ya namna nyingine kabisa.

Kwa hiyo gari likiamka, liamshwe kwa utaratibu. Nusa kwanza kinywa cha tangi: petroli iliyooza ina harufu kali ya uchachu, kama rangi ya mbao iliyokaa. Ukiisikia, imwage yote katika chombo cha chuma na kuweka mpya. Badili chujio. Kisha fungua swichi bila kuwasha injini, iache pampu ifanye kazi kidogo, na uchunguze kila kiungo kwa tochi. Awepo mtu wa pili, ameshika kizima moto cha unga au cha povu. Maji hayazimi petroli, huieneza.

Pengine utauliza, msomaji wa Temeke au Ilala, yakuhusu nini haya. Rudi kwenye ile hesabu ya nyuzi 30. Baridi ya Munich huchelewesha uharibifu wa petroli. Joto la Dar es Salaam huuharakisha. Jenereta uliyoiweka stoo tangu umeme uliporudi, pikipiki ya ndugu aliyesafiri, injini ya mashua iliyovutwa pwani, vyote vina kabureta, na vyote vinachachusha petroli wakati wewe umelala. Funga koki ya petroli, iache injini ijizimie yenyewe, na kazi imekwisha. Haikugharimu hata senti. Na petroli iliyooza, nakusihi, usiitie katika taa wala jiko la mafuta ya taa ati isipotee. Hiyo ni kuiita ajali ndani ya nyumba yenye watoto.

Basi mzee wetu, jibu lako ni hili. Mwanao hakukudanganya. Gari lililosimama huharibika, na huharibika namna ile ile aliyokueleza. Kosa lake si uongo bali ni kutojua, na kutojua kuna dawa. Lakini nawe una haki ya kumwandikia kwamba mtu mwenye kubeba karo ya mwenziwe hana budi kukitunza kila alicho nacho, hasa kile cha starehe, kwani kikiharibika hakimwumizi peke yake. Chupa moja ya dawa na alasiri moja ya Oktoba zingemlipia binti muhula wake.

Mzee aliikunja barua yake taratibu, akaitia mfukoni. Alipofika mlangoni aligeuka akauliza kama tuna karatasi ya kumwandikia jibu siku ile ile. Tulimpa.