Miaka 75 ya R.K., Nyumba ya Watoto Waliokuja Kuongoza

Kijana aliyepewa kazi ya kugonga kibao mbele ya kamera alikuwa na mazoea yake: kabla ya kukigonga, achane nywele kwanza, labda lenzi itamnasa. Siku moja alikigonga karibu mno na uso wa mwigizaji, ndevu za bandia zikanaswa, zikabanduka. Mwongozaji, Kidar Sharma, akamzaba kofi mbele ya kadamnasi. Mwaka 1947 Sharma huyohuyo alimfanya kijana yule stelingi wa Neel Kamal, akicheza na Madhubala. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 23, Raj Kapoor alianzisha kampuni yake, R.K. Films, akaongoza filamu yake ya kwanza, Aag.

Kwa hesabu hiyo R.K. ilitimiza miaka 75 mwaka 2023, na Desemba 2024 ikatimia karne tangu mwanzilishi wake azaliwe Peshawar. India ilimwadhimisha kwa kurudisha filamu zake 10 kwenye kumbi za miji 40, tiketi rupia 100. Nasi wa Mombasa tunayo haki ya kuipongeza nyumba hii, tena si kwa kudandia sherehe ya wenyewe. Waliokwenda Regal, Naaz na Majestic enzi zile wanajua. Wengi hawakuelewa Kihindi hata neno, lakini walirudi Mji wa Kale na nyimbo nzima kichwani. Mwimbaji Juma Bhalo, aliyezaliwa 1942 na kutuaga 2014, alizichukua lahani za picha za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili, na harusi za mji huu zikakesha nazo. Bombay ilikuwa jirani kwa njia ya bahari hata kabla ya sinema. Raj Kapoor alikuja kuukuta mlango uko wazi.

Alianza mapema. Mwaka 1935, akiwa na miaka kumi, alionekana katika filamu ya Inquilab. Baba yake, Prithviraj Kapoor, alikuwa tayari jina kubwa, na mtoto wa namna hiyo angeweza kubebwa tu. Wangapi wamebebwa, wakapendwa wakiwa na mashavu ya kitoto, na ndevu zilipoota hakuna aliyewatafuta tena? Prithviraj alikataa kumbeba. Mwanawe alianzia chini kabisa: kufagia, kubeba vifaa, kugonga kibao. Kwa maoni yetu, ufagio ule ulimfaa kuliko jina la ukoo. Mwigizaji huijua nafasi yake tu. Anayefagia huona kazi ya kila mtu, na mwongozaji ndiye anayepaswa kuzijua zote.

Ndiyo maana hakukusanya watu wenye majina. Shankar alipiga tabla na Jaikishan kinanda cha harmonia katika kundi la maigizo la baba yake, Prithvi Theatres; akawakabidhi muziki wa Barsaat mwaka 1949, na filamu hiyo ikampandisha chati pia mwimbaji Lata Mangeshkar. Hasrat Jaipuri, mtunzi wa maneno, alikuwa kondakta wa basi. Shailendra alikuwa fundi katika karakana ya reli, akisoma mashairi yake hadharani. Raj alitaka kuyanunua, akajibiwa kwamba hayauzwi. Baadaye mke wa Shailendra alipokuwa mjamzito na nyumbani hamna kitu, mshairi alikwenda mwenyewe kubisha hodi, na walifanya kazi pamoja mpaka Shailendra alipofariki, tarehe 14 Desemba 1966, siku ya kuzaliwa ya Raj. Mpigapicha Radhu Karmakar alishika kamera ya R.K. tangu Awaara hadi filamu ya mwisho aliyoiongoza bosi wake mwaka 1985.

Awaara, ya 1951, ndiyo kilele. Mtoto wa mtaani anaiba mkate kwa ajili ya mama yake mgonjwa, anakamatwa, na tunapomwona tena ni mtu mzima, yuko gerezani, ameshika mkate mkononi: mkate aliounyimwa nje, serikali inampa ndani. Hakuna hotuba ndefu hapo. Mtoto yule ni Shashi, mdogo wake Raj. Jaji aliye baba wa mtoto huyo katika hadithi ni Prithviraj, baba yao wa kweli. Na babu yao naye anaonekana katika kiti cha jaji mwingine. Vizazi vitatu katika filamu moja, aliyeamrisha kamera akiwa na miaka 26. Katika Umoja wa Kisovieti peke yake ziliuzwa tiketi zipatazo milioni 64.

Kilichotufanya tuandike, hata hivyo, ni jinsi alivyowatumia watoto. Katika Shree 420 ya 1955 kuna wimbo wa mvua, yeye na mwigizaji Nargis chini ya mwavuli, na watoto watatu waliovaa makoti ya mvua wakipita. Hao ni wanawe: Randhir, Ritu na Rishi. Rishi, ambaye hakuwa na miaka mitatu kamili, alilia kila maji yalipomwingia machoni, na ikabidi Nargis amhonge chokoleti ndipo akubali kutembea. Mwaka 1970 Rishi huyo alicheza utoto wa baba yake katika Mera Naam Joker, akapata tuzo ya taifa. Randhir aliongoza Kal Aaj Aur Kal mwaka 1971, Shashi aliongoza Ajooba mwaka 1991, na Rishi akaongoza Aa Ab Laut Chalen mwaka 1999, filamu ya mwisho ya R.K. Ukimtia na mwenye nyumba, ni wanne waliosimama mbele ya kamera wakiwa watoto na wakaja kukaa nyuma yake.

Sifa zisitufumbe macho. Mera Naam Joker ilikuwa ndefu kupita kiasi, yenye mapumziko mawili, ikamtia madeni hadi filamu ya Bobby ya 1973 ilipomkomboa. Na katika filamu zake za mwisho sari zililowa maji kuliko hadithi ilivyohitaji. Mwongozaji aliyejua kumheshimu mtoto mwenye njaa hakumheshimu vivyo hivyo mwanamke. Alifariki Juni 1988, filamu yake ya Henna ikiwa haijakamilika, na Randhir akaimaliza.

Septemba 2017 moto uliteketeza sehemu kubwa ya studio ya R.K. pale Chembur, Bombay, pamoja na mavazi ya filamu zile. Ukoo ukauza kiwanja kwa kampuni ya majengo. Mombasa haina la kuwacheka. Kumbi zetu za zamani nazo hazionyeshi picha tena.

Lakini tuna Mama Ngina. Tangu ufuo ule ukarabatiwe na kufanyiwa sherehe za Mashujaa mwaka 2019, jioni familia nzima huketi pale na viazi karai na mihogo, meli zikiingia Kilindini. Tunaiomba serikali ya kaunti isimamishe skrini moja pale, ionyeshe Awaara yenye maandishi ya Kiswahili, bila kiingilio. Na shule zinazokwenda tamasha la kitaifa la drama na filamu zisiwaachie walimu peke yao kuongoza. Kila kundi lichague mwanafunzi mmoja aliyewahi kuigiza, apewe mchezo mzima auongoze yeye. Na Awaara yenyewe ni ya kama saa tatu. Ikianza mara baada ya Isha, saa tano usiku watoto wako nyumbani.