Jina la zao ni mali ya wakulima wote

Montalcino ni mji mdogo juu ya kilima, kusini mwa Siena, katika mkoa wa Toscana nchini Italia. Mvinyo mwekundu wa Brunello unaotoka huko ni miongoni mwa mivinyo ya bei kubwa nchini humo. Ni rahisi kudhani kwamba siri ni udongo na jua tu. Udongo una mchango wake, lakini bei hiyo inalindwa na masharti ambayo wazalishaji wenyewe wamekubali kuyabeba.

Masharti hayo ni magumu. Brunello hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, Sangiovese. Mavuno hayaruhusiwi kuzidi tani 8 kwa hekta, yaani kama tani 3.2 kwa ekari. Mvinyo hukaa kwenye mapipa ya mbao kwa muda usiopungua miaka miwili, na hauingii sokoni hadi Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Zabibu zilizovunwa mwaka 2015 zilianza kuuzwa kama Brunello Januari 2020.

Kila mkulima atauliza: katika miaka hiyo yote, ada za watoto na malipo ya vibarua yatoke wapi? Jibu lao ni mvinyo wa pili, Rosso di Montalcino, uliotambuliwa rasmi miaka ya 1980. Hutokana na zabibu zile zile, lakini huruhusiwa kuuzwa tangu Septemba ya mwaka unaofuata mavuno. Bei yake ni ndogo, ila fedha huingia mapema.

Mwaka 2008 jina hilo lilitikiswa. Waendesha mashtaka wa Siena walichunguza madai kwamba baadhi ya wazalishaji walichanganya zabibu za aina nyingine. Marekani, mnunuzi mkubwa, ilitishia kuzuia Brunello isiyo na uthibitisho. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: hata wasiohusika waliingia hofuni. Oktoba mwaka huo wazalishaji walipiga kura kuamua kama sharti la zabibu za aina moja libadilishwe. Wengi mno walikataa.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Anayechakachua hupata faida ya msimu mmoja, lakini hasara hugawiwa wote. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wanalijua hili. Anayetia maji na mchanga kwenye pamba huongeza uzito wa gunia lake, kisha sifa ya pamba ya wilaya nzima ikashuka.

Vyama vya ushirika visiishie kudai bei nzuri kwa mnunuzi. Viweke masharti ya ubora, vikague mzigo kabla haujatoka ghalani, na vimwadhibu mwanachama anayechakachua, hata akiwa kiongozi. Vilevile vitafute bidhaa ya kuingiza fedha mapema, kwa kuwa mkulima mwenye njaa hawezi kusubiri bei.