Neno Lililodharauliwa Bure

Wako watu wenye elimu yao wasemao kwamba lahaja ni lugha iliyoharibika, na kwamba mvuvi au mkulima hunena vile kwa kukosa mafunzo. Nawapinga. Mashahidi wangu ni maneno mawili tu ya Uskoti.

Huko, katika baridi kali, maji yadondokayo ukingoni mwa paa huganda, yakawa vijiti vya barafu vyenye ncha kama mikuki. Mwingereza hukiita kimoja icicle. Mskoti wa zamani alikiita ice-shoggle. Hapo mwenye kubeza hucheka: “Ulimi mzito umeliponda neno zuri la Kiingereza!”

Ulimi wa nani? Neno hilo alilitumia Gavin Douglas, mtu wa kanisa na mjuzi wa Kilatini, katika kitabu cha mshairi Virgil alichokifasiri kwa Kiskoti akakimaliza mwaka 1513. Shakespeare alizaliwa 1564. Basi neno hilo lilikwisha kuandikwa kitabuni miaka 51 kabla yake.

Shahidi wa pili ana nguvu zaidi. Wako Waskoti wanaokiita kijiti hicho tangle. Kwa Mwingereza neno hilo ni nyuzi zilizotatana, naye hudhani mwenzake amekosea. Kumbe ni neno jingine kabisa! Asili yake ni þöngull, neno la mabaharia wa Norwei waliovitawala visiwa vya Orkney hata mwaka 1468, na maana yake ni shina la mwani, ule mwani mrefu wa rangi ya kahawia wenye kuteleza. Mtu wa pwani aliona kitu kirefu, chenye maji, kinaning’inia. Akakipa jina la kitu alichokijua. (Sisi nasi tulilichukua neno barafu kwa Waajemi wasemao barf, wala hatujaambiwa kwamba tumewaharibia lugha.)

Hata hivyo, shuleni Uskoti, hasa baada ya sheria ya elimu ya 1872, watoto walikemewa kwa kusema lugha ya mama zao, na wengine wakachapwa kwa mkanda wa ngozi. Kisha wataalamu wakatunga kamusi kubwa ya Kiskoti, mabuku 10, yaliyotolewa kati ya 1931 na 1976. Tangle limo humo, na mwani wake na barafu yake. Je, aliyestahili kusahihishwa alikuwa mtoto au mwalimu?