Umbali Mmoja, Saa Mbalimbali

Ukiwa na mtoto au jamaa anayesafiri kwa ndege kwenda nchi ya mbali, swali lako la kwanza huwa ni hili: atafika saa ngapi? Wengi wetu huuchukua umbali, tukaugawa kwa mwendo wa ndege, tukadhani hesabu imekwisha. Hesabu hiyo ina upungufu, nao huwakeshesha watu bure kwenye viwanja vya ndege.

Tutazame miji ya London na New York. Kati yake kuna kilomita 5,500 na ushei, na ndege ya abiria huenda kiasi cha kilomita 900 kwa saa. Kwa hesabu ya darasani, safari ingekuwa ya saa 6 na kidogo, kwenda na kurudi sawasawa. Lakini kwenda New York huchukua kiasi cha saa 8, na kurudi London kiasi cha saa 7.

Muda huo una ndani yake kupaa na kungoja zamu ya kutua. Tofauti ya kwenda na kurudi, hata hivyo, huletwa na upepo. Huko juu, kiasi cha kilomita 10 kutoka ardhini, pana mkondo wa upepo mkali uvumao toka magharibi kwenda mashariki. Aendaye New York hushindana nao. Arudiye London husukumwa nao. Mwezi Februari 2020 mkondo huo ulivuma kwa nguvu nyingi, na ndege moja ya abiria ikatoka New York hadi London kwa muda usiotimia saa 5.

Kisha kuna saa ya ukutani. Kwa sehemu kubwa ya mwaka New York iko nyuma ya London kwa saa 5. Aondokaye London saa 4 asubuhi, akakaa angani saa 8, hufika New York saa 7 mchana wa huko. Aondokaye New York saa 2 usiku, akakaa angani saa 7, hufika London saa 2 asubuhi. Asomaye saa hizo peke yake atadhani kwenda ni saa 3 na kurudi ni saa 12.

Kwa hiyo, mwulize msafiri wako mambo mawili: atakaa angani saa ngapi, na saa ya kufika ni ya mji upi. Ikiwa ni mgonjwa anywaye dawa kwa saa maalumu, aonane na daktari kabla ya safari ampangie saa zake. Saa ya ukutani hubadilika mtu akishatua. Mwili wake bado unahesabu saa za alikotoka.