Jogoo hasemi, anawika



Darasani kwetu siku hizi kila mnyama "anasema". Simba anasema, mbwa anasema, hata jogoo anasema. Najua inatoka wapi: vitabu vya Kiingereza vya watoto huuliza ng'ombe anasema nini, na watoto wanatuletea hivyo hivyo neno kwa neno. Lakini kwa Kiswahili jogoo anawika, mbwa anabweka, simba ananguruma na nyuki wanavuma. Mimi naona maneno haya tuyafundishe mapema, hata kabla ya kuhesabu hadi mia.

Mzazi mmoja aliniuliza ya nini, wakati hapa Dubai mtoto anaweza kumaliza mwaka bila kusikia jogoo. Swali zuri. Lakini maneno haya hayabaki bandani. Mwanamuziki akipata jina, magazeti ya nyumbani yanasema anawika. Habari ikienea, imevuma, na upepo nao unavuma. Radi inanguruma. Kuku akikaribia kutaga anatetea, na wakili mahakamani naye anatetea, ingawa huyo halipwi mayai. Mtu akimwambia mwenzake "acha kubweka", hapo pana ugomvi, na ni heri mtoto ajue kabla hajamrushia shangazi yake! Na ile methali ya jogoo la shamba kutowika mjini, asiyejua kuwika ataielewaje? Nayo inatuhusu sisi wa Deira na Sharjah kuliko watu wote.

Kazini kwangu hospitali nimeuona uzito wake. Bibi aliyekuja kutembelea wanawe anasema tumbo linanguruma na masikio yanavuma. Mjukuu ndiye mkalimani. Anamgeukia daktari, anamwambia tumbo linamuuma na masikio yanamuuma. Bibi hakutaja maumivu popote! Tumbo kuuma ni jambo moja na kunguruma ni jingine, na daktari huanza kutafuta ugonjwa kwa kile alichoambiwa. Siku ile nilikuwepo nikasahihisha, lakini si kila zamu ina muuguzi anayejua Kiswahili.

Tusizidishe, lakini. Zipo orodha zinazombambikia kila mnyama kitenzi chake, na vingine sijapata kuvisikia kwa mtu yeyote. Paka analia nyau, mbuzi analia mee, ndege na punda wanalia, inatosha. Hata simu inalia.

Kazi ya nyumbani wiki hii: mwombeni babu au bibi awatumie ujumbe wa sauti wa alfajiri, simu aiweke dirishani. Kule ikiwa saa kumi na moja, hapa ni saa kumi na mbili, kwa hiyo mtaupata mkiamka. Jumamosi tutasikiliza pamoja, na kila mtoto atatuambia nani anawika, nani anabweka na nani analia tu. Wenye bibi Lamu, tunawategemea kwa punda.