Chombo cha Yai Kisinunuliwe Dukani

Liko zoezi moja la sayansi linalofanywa na wanafunzi wa nchi nyingi, na ambalo limekwisha kuingia katika baadhi ya shule zetu, nalo mtu mzima akielezwa kwa mara ya kwanza hucheka. Mwanafunzi hupewa yai bichi la kuku, huambiwa alitengenezee chombo cha kulikinga, kisha chombo hicho huangushwa kutoka ghorofani au juu ya paa. Yai likitoka zima, amefuzu. Wapo wananchi wanaonung'unika kwamba huu ni mchezo wa walioshiba, na kwamba yai ni kitoweo wala si mpira. Manung'uniko hayo yana haki yake, nasi tutayarudia. Lakini tunalo letu, ambalo twaliona zito zaidi.

Zoezi hili limeanza kuharibiwa na fedha. Mtoto hupewa kazi Ijumaa. Jumamosi baba yake mwenye uwezo huingia dukani akanunua sponji, gundi na kopo zuri la plastiki. Jumapili huketi mezani akaunda chombo chote kwa mikono yake, mtoto akitazama televisheni. Jumatatu chombo hicho hushinda. Mtoto wa mchukuzi wa bandarini, aliyefunga boksi lake mwenyewe kwa kamba ya katani, yai lake likapata ufa mwembamba kama unywele, huandikiwa sifuri. Twauliza: katika watoto hao wawili, ni yupi aliyesoma sayansi? Na mwalimu aliyepiga makofi alikuwa akimpima mtoto, au mfuko wa baba?

Yafaa kwanza tueleze sayansi iliyomo, maana si wote waliobahatika kuelezwa. Kitu kinachoangushwa kutoka kimo cha meta 5 hufika chini baada ya sekunde moja hivi, na kinapogusa ardhi huwa na mwendo wa karibu kilometa 36 kwa saa, ambao ni mwendo wa pikipiki katika mtaa wenye watu. Mwendo huo hapana budi ukomeshwe, na swali lote ni ukomeshwe katika nafasi gani. Yai la gramu 60 likisimamishwa ghafla, katika nafasi ya milimita 5 tu, hupata kishindo cha wastani sawa na uzito wa kilo 60, yaani kama kwamba mtu mzima amelikalia. Likisimamishwa katika nafasi ya sentimeta 10, kishindo hushuka hata kikawa kama cha kilo 3. Yai ni lile lile na kimo ni kile kile. Kilichobadilika ni nafasi ya kubonyea. Kwa hiyo kopo gumu lenye yai linalogongagonga ndani ni kaburi la yai. Chombo bora ni kile kinachokubali kuumia chenyewe ili mgeni wake asiumie.

Jambo hili watu wa pwani yetu wanaliona kila siku pasipo kulipa ada. Nazi huanguka kutoka juu ya mnazi mrefu, pengine meta 20, ikajipiga chini kwa kishindo cha kuogofya, na kifuu chake kikabaki kizima. Kinachoiokoa ni makumbi, yale yale ambayo mama huyatia motoni na ambayo usumba wake husokotwa kamba. Nyuzi zake hubonyea na kusuguana, zikameza kishindo kabla hakijafika ndani. Mtoto wa Mafia au Pangani aliyepewa yai na makumbi ya nazi hakupungukiwa na kitu chochote cha maabara. Wa Bukoba anayo majani makavu ya mgomba, na anayekaa karibu na msufi anayo sufi. Sponji ya dukani haina elimu ambayo vitu hivyo havina.

Tena asidhani mfanyakazi kwamba habari hii ni ya watoto peke yao. Kofia ya mwendesha pikipiki huokoa maisha kwa kanuni hii hii: ndani yake mna povu gumu linalopondeka badala ya fuvu. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kupata ajali moja haifai tena hata kama nje inang'aa, na ndiyo maana kuinunua kuukuu sokoni ni kununua balaa. Kijana aliyewahi kupasua yai akajua sababu, hatahitaji askari wa barabarani kumkumbusha kuvaa kofia yake. Chombo cha Marekani kilichotua katika sayari ya Mars mwaka 1997 kilivikwa mifuko ya hewa kikadundadunda kama mpira, na hata trei ya mayai tunayoijua sote ina mizizi katika fikra hiyo. Mwaka 1911 Joseph Coyle, mwenye gazeti katika jimbo la British Columbia, Canada, alibuni kasha la karatasi lenye kitanda cha kila yai, baada ya ugomvi wa mkulima na mwenye hoteli juu ya mayai yaliyokuwa yakifika yamevunjika. Twafurahi kwamba alikuwa mtu wa magazeti, ingawa sifa hiyo si yetu.

Wala mtoto asiogope kwamba wakubwa wamekwisha kujua yote. Kwa miaka mingi walimu walifundisha kwamba yai huvumilia zaidi likiangushwa limesimama. Mwaka 2025 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza kwamba walipoyaangusha mayai mengi kutoka kimo kidogo, yaliyolazwa ubavu yalivumilia zaidi kuliko yaliyosimamishwa. Jaribio hilo lingeweza kufanywa na darasa lolote la Sengerema.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliikemea elimu inayomfanya kijana adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 nayo yasisitiza kazi ya mikono. Maneno yapo, twataka kuyaona uwanjani. Walimu na wakaguzi wakubaliane kwamba chombo kitatengenezwa shuleni, saa za masomo, mbele ya mwalimu, kwa vitu visivyonunuliwa, na kwamba kisizidi uzito uliowekwa, maana kulifukia yai ndani ya gunia si ubunifu. Alama nyingi zitolewe kwa maelezo. Aliyevunjikiwa akaeleza sawasawa kwa nini, na angebadili nini, ampite aliyefaulu akabaki akikodoa macho. Wanachama walioko katika kamati za shule tunawataka walisimamie jambo hili, wala wasingoje barua kutoka wizarani.

Na sasa kitoweo. Majaribio ya kwanza yafanywe kwa kiazi kilichopimwa kiwe na uzito wa yai. Mayai yatumike mwisho, moja kwa kila kundi, nalo liwekwe katika kibakuli safi chenye kifuniko ndani ya makumbi. Yatakayopasuka yapikwe siku hiyo hiyo, na walioyapasua wawe wa kwanza kula.