Ustahimilivu wa Vijana Wagonjwa Upimwe kwa Haki

Katika vituo vyetu vya afya, kijana mwenye ugonjwa wa selimundu hupimwa wingi wa damu, joto na uzito. Hivyo ni vipimo vya lazima. Lakini kijana anayeugua tangu utotoni, anayekosa masomo kila maumivu ya mifupa yanapomshika, na anayejua kwamba maradhi hayo ataishi nayo, ana haki pia ya kuulizwa anayamudu vipi.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi ya watoto wanaozaliwa na selimundu duniani, na Kanda ya Ziwa imeguswa sana. Kijana wa Nyanungu, wilayani Tarime, yuko mbali na hospitali kubwa za Musoma na Mwanza. Siku nyingi za ugonjwa wake huzipitisha nyumbani, akitegemea moyo wake na watu walio karibu naye. Nguvu hiyo haina budi kujulikana ili iongezwe.

Wataalamu hawakukaa kimya. Mwaka 1979 Aaron Antonovsky aliwahimiza wenzake wasiulize tu kwa nini watu huugua, bali pia kwa nini wengine hubaki wazima katikati ya mashaka. Baadaye Michael Ungar wa Canada na wenzake waliandaa dodoso la vijana lenye maswali 28, kutokana na kazi iliyofanyika katika nchi 11, Tanzania ikiwamo. Maswali hayo hayaishii kwa kijana mwenyewe. Yanagusa pia jamaa zake, rafiki zake, shule na mila. Huko Moshi, mpango wa Sauti ya Vijana umewakutanisha vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI ili wazungumze juu ya mizigo yao.

Hata hivyo, dodoso si mizani ya dukani. Miongoni mwa Wakurya, kijana hulelewa akijua kwamba kuonyesha maumivu mbele za watu ni aibu. Akiulizwa kama anaweza kustahimili, atajibu ndiyo, hata kama usiku uliopita hakupata usingizi. Alama zake zitakuwa za juu, na msaada utapelekwa kwingine. Heshima itakuwa imemnyima tiba.

Kwa sababu hiyo, kutafsiri maswali tu hakutoshi. Yajaribiwe kwa Kikurya na kwa Kiswahili. Yaulizwe faraghani, na mtu ambaye kijana anamwamini. Tena yahusu mambo ya kweli. Nani humpeleka zahanati? Akikosa shule siku tatu, nani humwazima daftari? Wazazi na walezi nao wasikilizwe.

Tunaonya pia kwamba alama zisigeuzwe lawama. Kijana mwenye alama ndogo si dhaifu wala mvivu. Pengine amekosa nauli, dawa, au mwalimu anayeelewa kwa nini hakufika darasani. Kasoro hizo si zake, ni zetu.

Tunawaomba waganga, walimu na viongozi wa vijiji washirikiane katika jambo hili. Dodoso lisifunguliwe kabla ya kupangwa nani atamfuata nyumbani kijana atakayeonekana kuelemewa. Kupima pasipo kusaidia ni kutonesha kidonda, kisha kukiacha wazi.